Kufuli Jekundu Kwenye Mfereji

"Mtoto wetu amezama bahari zote za dunia, leo anashindwa na bwawa la babu yake?"

Kila aliyefika bwawani asubuhi ile alisema hivyo kwa namna yake. Wengine walisema kwa Kiswahili, wengine kwa Kimaa, na mzee Lemomo, ambaye hakuwa tena na meno ya kutosha kwa lugha yoyote, alisema kwa fimbo: aliielekeza kwa Simel, akaielekeza kwenye maji, akairudisha kwa Simel.

Simel alikuwa amekaa juu ya ukuta, miguu ikining'inia upande mkavu, anamenya chungwa. Alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene, na masikio yaliyokunjamana kwa miaka ya kubanwa na kofia ya kuzamia. Hakuonekana mtu wa kushindwa na kitu. Ndiyo maana watu walikasirika.

Bwawa lenyewe liko magharibi ya Mlima Meru, juu ya mashamba ya kahawa, migomba na maharage. Wazee walilijenga kwa mawe na saruji ili maji ya mfereji unaoshuka mlimani yajae usiku, na mchana yatoke kwa bomba lililopita chini ya ukuta, yateremke kwa zamu shamba hadi shamba. Sasa maji yalikuwa yamefika kwenye ukingo na hayatoki. Yaliyozidi yalimwagikia korongoni, upande ambao hakuna anayelima. Mvua kubwa zilikuwa zimesomba magunia, mashina ya migomba na matawi, vyote vikaenda kujikusanya kwenye mdomo wa bomba kule chini kabisa, ambako fito zote za kijiji ziliinuliwa na maji kabla ya kufika. Kisha mvua zikakata. Maharage yalikuwa kwenye maua, na yasiponyweshwa wiki ile yangebaki kuwa chakula cha mbuzi. Shamba la mwisho kabisa, mkiani mwa mfereji, lilikuwa la Naipanoi, mke wa Simel.

"Maji yapo," Yiamat alisema. "Mzamiaji yupo. Tunangoja nini?"

Yiamat alikuwa mwenyekiti wa mfereji. Kwapani alikuwa amebana usukani wa koki, gurudumu la chuma la kufungulia na kufungia maji. Koki yenyewe ilikuwa nje ya ukuta, upande wa chini, na usukani wake ulichomolewa na kulala nyumbani kwa mwenyekiti tangu enzi za wajenzi. Mtu mwingine akiushika, hata kwa bahati mbaya, anatozwa kondoo dume. Si ukatili. Watu wale wamegombana vya kutosha kuhusu maji kujua kwamba usukani ukishikwa na wawili, kila mmoja atamwona mwenzake mwizi.

"Nangoja ufunge koki," Simel akajibu. "Nitie kufuli langu, ufunguo ukae kwangu. Halafu nangoja mzamiaji wa pili, awe amevaa tayari, anifuate nikikwama. Nimempigia simu, yuko kazini Mwanza."

"Kufuli?" Yiamat akageuka kwa watu. "Mmesikia? Mfereji huu haujawahi kufungwa kufuli. Tutamfungia nani? Na nikifunga koki, utajuaje kama umezibua?"

"Sitajua. Ndiyo uzuri wake."

Watu wakacheka, lakini si kwa furaha. Sefu, mwenzake Simel kazini, aliyekuwa ameegemea pikapu yao pembeni ya njia, naye akacheka, kwa sababu Sefu alicheka kila mahali. Familia yake ilitoka Tanga zamani ikakaa Kaloleni, mjini Arusha, na yeye aliona ni haki yake kuwatania Waarusha mpaka kaburini.

"Jamani muacheni," alisema. "Mmeru akizama anatafuta ndizi, Mwarusha akizama anatafuta ng'ombe. Huyu ng'ombe wake hayumo humo."

"Wewe mtu wa Tanga, nyamaza, wewe si wa mfereji huu."

"Mimi ndiye ninayeshika hose yake ya hewa akiwa chini. Roho yake iko mkononi mwangu kuliko mkononi mwa mama yake. Nitanyamazaje?"

Na hilo lilikuwa kweli. Baba yake Sefu, fundi wa kuchomea vyuma, ndiye aliyempokea Simel alipotoka kijijini akiwa kijana, akamfundisha kazi. Ufundi ule ukampeleka Dar es Salaam, bandarini. Siku moja bosi akauliza nani anaweza kuchomea bamba la meli chini ya mstari wa maji. Mafundi wa pwani, waliozaliwa wakiyasikia mawimbi, wakatazama viatu vyao. Bosi akamwona Simel. "Wewe Mmasai, si huwa hamuogopi simba?" Wakamfunga mtungi wa hewa mgongoni na kamba kiunoni, wakamshusha. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuogelea. Alikuwa hajui.

Alifanya kazi ile miaka kadhaa. Baadaye, alipokuwa na akiba, akaenda chuo cha wazamiaji wa kazi huko Afrika Kusini. Wiki ya kwanza mwalimu akaandika ubaoni mambo yasiyoruhusiwa kabisa: kushuka peke yako, kushuka bila mzamiaji wa akiba, kushuka bila msimamizi, kushuka bila kupimwa na daktari anayejua wazamiaji. Simel alisoma ubao ule mpaka chini na hakuona kitu hata kimoja ambacho hakuwa amekifanya. Kilichomuuma zaidi ni kwamba meli alizokuwa akizisugua zilitoka kwenye nchi zilizoandika sheria zile. Huko kwao, nahodha angefungwa kwa kumshusha mtu vile. Wakifika kwetu, sheria zao walizifungia kabatini pamoja na makoti ya baridi.

Tangu hapo alizunguka. Mtu anayependa kusafiri angemwonea wivu, mpaka asikie alichokiona: sehemu kubwa ya dunia aliiona chini ya maji, ya kijani, na isiyoonekana kupita urefu wa mkono. Alijifunza kwamba kuna nchi ambazo huloweshi hata kidole kabla watu wazima kadhaa hawajatia saini. Kuna nchi zenye sheria nzuri zilizopigwa chapa nzuri, na gatini hakuna aliyewahi kuzisoma. Na kuna nchi ambazo sheria yote ni swali moja: unaogopa? Cheti chake kilipokewa kwa mikono miwili kwenye bandari moja ya Ghuba. Bandari ya jirani, mwendo mfupi kwa gari, karani alikitupia jicho akakirudisha. Hiki hatukitambui, rudi shule.

"Maji ya huku mnayapika?" Simel alimuuliza. "Mbona nimetoka kuyaoga hapo jirani na ni yaleyale?"

Karani hakucheka. Simel akarudi shule, akafaulu mara ya pili kitu alichokwisha kufaulu, na akaapa kwamba kama dunia inamtaka aishi kwa karatasi, basi yeye ataishika dunia kwa karatasi hiyohiyo.

Siku ya kuishika ilifika kwenye lango la bwawa la umeme, nchi ya mbali. Simel alikuwa juu; chini alikuwa Mfilipino mmoja aliyependa kuimba kwenye redio ya kofia yake, kiasi kwamba wote juu walijua nyimbo zake. Zamu ya watu wa mitambo ikabadilika. Aliyeingia hakuambiwa kwamba kuna mtu majini, akafungua lango. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Kwenye uchunguzi, kampuni ilimtaka Simel aseme kwamba lango lilikuwa na kufuli, na kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyelitoa.

"Hapakuwa na kufuli," alisema.

Wakamuuliza tena kwa upole, wakamkumbusha mkataba wake.

"Hapakuwa na kufuli. Mkiniuliza mpaka kesho, halitaota."

Wakampandisha ndege. Kabla ya kwenda uwanjani alipita duka la vyuma akanunua kufuli kubwa na kopo la rangi nyekundu. Huo ndio mzigo aliorudi nao Arusha, pamoja na jina baya kwa waajiri wa upande ule.

Yeye na Sefu wakafungua ofisi ndogo Kimandolu. Walikagua matangi ya maji, mabwawa ya mashamba ya maua, malango ya mabwawa ya mbali, na kila mara walikuja na watu wengi kuliko mteja alivyotarajia. Meneja mmoja wa Njiro aliwahi kumwambia kwamba kuna kijana atamfanyia kazi ileile na mtungi mmoja na kamba. "Mpe yeye," Simel alijibu. "Ila uwe na namba ya simu ya mke wake." Kazi ile akaikosa. Alizikosa nyingi namna hiyo. Nyumba yake ya Moshono ilikuwa na dirisha la mbele ambalo bado lilikuwa limezibwa kwa mbao, na Naipanoi aliwaambia wageni kwamba lile ndilo dirisha la usalama.

Sasa Yiamat alisogea karibu na ukuta. Aliongea taratibu, kwa Kimaa, kama watu wengine hawapo.

"Simel. Si mwenyekiti anayekuomba. Ni mimi."

Kelele zikashuka. Wawili wale walitahiriwa msimu mmoja, wakalala kwenye baridi moja, na wanaume wa rika moja hawanyimani. Mtu wa rika lako akikuomba shuka uliyoivaa, unaivua kwanza ndipo unauliza ya nini. Hata Sefu aliacha kutabasamu, maana ingawa hakuelewa maneno, alielewa shingo za watu.

Simel aliweka chungwa chini.

"Nimekusikia," alisema. "Nakataa."

Mtu mmoja nyuma akatema mate.

"Bomba hili linateremka mpaka kule mgombani, na ndani yake ni tupu," Simel akaendelea, sasa kwa sauti ya watu wote. "Kizibo kikitoka, maji yote haya yatataka kupita hapo kwa mara moja. Kilichopo mlangoni kinapita nayo au kinaziba badala ya gunia. Mkono, mguu, kichwa, maji hayachagui. Mkinivuta kwa kamba wote mliopo hapa, mtapata nusu yangu. Nimeona. Sikusimuliwa."

"Huko ni mabwawa ya umeme," mmoja akasema. "Hili ni la maharage."

"Maji hayajui yanapelekwa wapi."

Yiamat alikuwa ameshavua shati. "Basi nitaingia mimi," alisema. "Isije kusemwa kwamba rika letu lilikaa ukutani linakula machungwa."

Watu wakamshangilia. Yiamat alijua kuogelea kiasi cha kuvuka dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Alijifunga kamba kiunoni, akawapa vijana wawili mwisho wake, akavua viatu. Na ili ajifunge vizuri, akaweka usukani wa koki juu ya ukuta, juu ya shati lake.

Simel aliunyakua.

Aliruka upande mkavu, akateleza kwenye nyasi, akafika kwenye koki kabla mtu hajaelewa kilichotokea. Alichomeka usukani akazungusha, akazungusha mpaka chuma kikagoma. Sefu, bila kuambiwa, alikuwa amekwisha kutupa mnyororo kutoka kwenye pikapu. Simel akaupitisha kwenye usukani na kuuzungusha kwenye bomba, akatia kufuli jekundu, likalia *ta*. Ufunguo akauvaa shingoni, ndani ya fulana.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabarani. Ameshika usukani! Amefunga maji ya watu! Mzee Lemomo akashuka polepole kwa fimbo yake, akalitazama kufuli, akamtazama Simel, akafungua kinywa.

"Kondoo," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile, na lilisikika vizuri kabisa.

"Shikamoo mzee," Simel akasema. "Kondoo sitoi."

"Utatoa."

"Sitoi. Sijaiba tone. Nimefunga ili mtu asife, na sifungui mtu akiwa majini. Aliyefunga ndiye anayefungua. Hiyo nayo ni sheria, na imelipiwa na watu waliokufa wengi kuliko walioko hapa."

Yiamat alikuwa amesimama juu ya ukuta, kamba kiunoni, hana shati, hana usukani. Kama angekuwa na kitu mkononi angekirusha.

"Na maharage?" aliuliza. "Sheria yako inanywesha maharage?"

Hapo Naipanoi akapita katikati yao na mpira wa maji wa kijani begani, ule wa kumwagilia mboga. Hakumsalimu mumewe. Alipanda ukutani, akauzamisha mpira wote ujae, akaziba mdomo mmoja kwa kidole gumba, akaushusha upande wa pili hadi kwenye mfereji mkavu na kuachia. Maji yakaanza kutoka. Kidogo, kama ya kunawa mikono, lakini yalitoka na kushika njia ya mashamba.

"Mnagombana kama hamjawahi kuvuta petroli kwenye tangi la pikipiki," alisema. "Kila nyumba ina mpira. Mimi shamba langu ni la mwisho, ndilo litakalokufa kwanza, na simtaki mume aliyepita kwenye bomba. Nendeni mkalete."

Wanawake ndio walioondoka kwanza. Wanaume walikaa kidogo, kwa heshima ya hasira yao, kisha nao wakaenda. Mchana ulipofika, ukuta wa wazee ulikuwa umevaa mipira ya kila rangi, mizima na ya viraka, minene ya pampu na myembamba ya kuoshea magari. Juu, kwenye mfereji mkuu, Sefu na vijana walirudisha maji mtoni kwa mawe na majani ya migomba ili bwawa lisijae tena. Maji yalikuwa yanashuka. Taratibu, na watu wa mkiani walinung'unika kwamba watu wa juu wanakunywa yote. Lakini yalikuwa yanashuka, na Simel alilala pale pikapuni na ufunguo shingoni. Hakuna aliyemletea chai.

Yalipobaki ya kufika kifuani, Yiamat alikuja.

"Sasa fito haitainuliwa na maji," alisema bila salamu. "Fungua."

Simel alitazama bwawani. Hakukuwa na mtu majini. Akamwambia kila mtu aliyekuwa ukutani ashuke, asibaki ila mmoja wa kusukuma. Kisha akatoa kufuli, akafungua koki mpaka mwisho, akachomoa usukani na kuupeleka kwa Yiamat kwa mikono miwili. Yiamat akampa mzee Lemomo ashike, kitu ambacho nacho hakikuwahi kutokea, lakini siku ile watu walikuwa wamechoka kuhesabu makosa.

"Nani atasukuma?" Simel aliuliza.

"Mimi," Yiamat akasema. "Nilisema nitaingia."

"Lala kifudifudi ukutani. Na usijifunge hiyo fito mkononi. Ikitaka kwenda, iache iende."

Ilikuwa fito ya mti wa mgrevilea, nene kama mkono wa mtu, ndefu kupita kimo cha ukuta. Yiamat alilala, akapapasa, akagusa kitu laini. Akasukuma. Akasukuma tena. Mara ya tatu kitu kikaachia.

Hakuna aliyesikia bwawa likinguruma, kwa sababu lilinguruma baadaye. Kwanza ilikwenda fito. Yiamat aliishikilia, maana mwanaume anashikilia, na fito ikapita kati ya viganja vyake kama kamba ya ng'ombe aliyekurupuka, ikamburuta kifua juu ya saruji mpaka Simel alipomdaka miguu. Chini kukalia mlio wa kuvunjika, kama muwa. Kisha kule mbali, mgombani, bomba likakohoa, likatapika gunia, majani yaliyooza, na nusu ya fito iliyochanika nyuzinyuzi. Nyuma yake yakaja maji, meusi, kisha mekundu, kisha maji.

Watu walikimbilia mfereji kwa vifijo. Yiamat alibaki ukutani, ameketi, anatazama viganja vyake. Ngozi haikuwepo.

"Yalikuwa ya kifuani tu," alisema.

"Ndiyo," Simel akasema.

Alikwenda pikapuni kumtafutia bandeji.

Lakini sheria ya usukani ilibaki palepale. Jumamosi kamati ilikaa, ikasema Simel ameushika usukani na lazima kondoo achinjwe. Simel akasema hatoi. Wakabishana mpaka jua likawa kali, na mwisho Yiamat akatoa kondoo wake mwenyewe, kwa niaba ya mtu wa rika lake, ili mambo yaishe. Akachinjwa, akachomwa pale pale chini ya ukuta. Simel alikuja, akawaamkia wazee, akakaa pembeni na Sefu, wakawa wanatafuna mahindi ya kuchoma waliyonunua njiani.

"Njoo ule," mmoja wa kamati akamwita.

"Sili. Nikila nimekubali kosa."

"Mwache," mwingine akasema. "Atabaki na mahindi yake."

Ila Yiamat naye hakula. Alikaa na mikono iliyofungwa nyeupe kama ya bondia, nyama mbele yake inapoa. Mwanaume hali huku mwenzake wa rika anamtazama. Kamati ikaona, ikaanza kutafuna polepole, kisha ikaacha kutafuna. Mbwa tu ndio walioendelea.

"Ero, Simel," Yiamat akamwita hatimaye kwa Kimaa. "Njaa inaniuma."

"Kula."

"Unajua siwezi."

"Na mimi unajua siwezi."

Mafuta ya kondoo yalianza kuganda. Yiamat akashusha pumzi, akasimama, akawageukia wazee.

"Mzee Lemomo, wazee wangu. Kondoo huyu ni wangu, nimemtoa zizini kwangu. Si faini. Naifuta faini. Nimemchinja kwa sababu nina mikono, na ingewezekana leo nisiwe nayo. Anayepinga aseme sasa, nyama inapoa."

Mmoja au wawili waliguna. Mzee Lemomo alikwisha kuchukua mbavu.

Simel akasimama, akajipangusa punje za mahindi, akaja akakaa. Alikata kipande akakiweka kinywani mwa Yiamat, kwa kuwa mwenyewe hakuweza kushika kisu, kisha akakata chake.

"Lile kufuli," Yiamat akasema, mdomo umejaa. "Linauzwa wapi?"

"Mjini, duka lolote la vyuma. Rangi utapaka mwenyewe."

"Nyekundu?"

"Rangi unayotaka. Ila ufunguo uwe mmoja, na usikae kwako. Ukae kwa anayeingia majini."

Yiamat alitafuna, akafikiri. "Hilo kamati haitakubali."

"Basi," Simel akasema, akimkatia kipande kingine, "mjue kabisa kwamba sitazama."